Seli za Mtunza Stoo Zimewaka Kijani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Mkuu, karibu Chumba cha Seli. Tuwie radhi kwa vigelegele vya pale mlangoni; tuliambiwa tutulie, tumeshindwa. Mimi ninasoma kwa niaba ya wenzangu.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni kuingiza jeni nzima kwenye seli yenye jeni mbovu. Kusema ni rahisi! Jeni ina chaji hasi, utando wa seli nao una chaji hasi, basi vinakataana kama mafahali wawili zizi moja. Ndipo tukatafuta mshenga: lipidi, yaani mafuta ambayo kichwa chake kina chaji chanya. Kichwa hicho huikumbatia jeni, kikanata kwenye seli, na mzigo ukaingia.

Seli tunazotumia ni za mwenzetu, mtunza stoo. Ana ugonjwa wa misuli wa kurithi, uleule uliomchukua kaka yake. Tulipokuwa tunababaika tumwombe nani kipande cha ngozi, yeye alikunja mkono wa blauzi. "Kateni hapa," akasema. "Ila msiniharibie mkono, bado sijavishwa pete!"

TULICHOPATA

Mgeni rasmi, tulifeli mpaka tukaoneana haya. Tuliongeza chaji chanya tukidhani dawa ni wingi, seli zikafa. Tukapunguza. Tukajaribu lipidi zenye mikia iliyonyooka. Mzigo uliingia, ukabaki umefungiwa kwenye kifuko ndani ya seli. Zenye mikia iliyopinda zililegeza kuta za kifuko, jeni ikatoka. Hata hivyo, mara nyingi hakikuingia kitu kabisa, na hatukujua kwa nini.

Kumbe ni huruma! Mlezi wa seli, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa anazilisha seramu, yaani majimaji ya damu yenye lishe, kabla ya kila jaribio. "Mtoto hapokei mgeni na njaa," ndivyo alivyotujibu. Protini za seramu zilikuwa zinazigandia lipidi kabla hazijafika kwenye seli. Tulimsihi awe anasubiri kidogo, mzigo uingie kwanza. Alinuna kwelikweli, kisha akakubali.

Alhamisi iliyopita seli zikawaka kijani, rangi ya alama tuliyoifunga pamoja na jeni. Jamani, zimewaka! Bibi alilia huku akitukemea tusizipumulie.

Hatujamponya mtu. Seli ndani ya chupa si mguu unaopanda ngazi. Lakini sasa tunajua njia ipo.

YANAYOTUKWAZA

Feni inanguruma, umeme unakatika; hayo tumeyazoea. Linalotunyima usingizi ni tangazo la ubaoni kwamba chumba hiki kitageuzwa ukumbi wa mikutano. Kazi inaweza kusimama ikingoja chumba kingine. Mwenzetu mtunza stoo hawezi kuingoja: siku hizi anatembea akishika ukuta.

OMBI LETU

Tuliandika maombi mengi, tumeyafuta. Tuachie chumba.

Hadubini tumeshaiwasha. Mtunza stoo hajaziona seli zake. Kakataa katakata, anasema atatazama baada yako. Basi ukishatazama, mgeukie. Kama chumba kinabaki, mpishe naye aone. Kama kinafungwa, mwambie wewe mwenyewe kwamba angoje, maana sisi tumejaribu na midomo imekuwa mizito.

Mungu akujalie macho maangavu na moyo mkunjufu.

Ni sisi wako,
Wafanyakazi wa Chumba cha Seli