Kobe Aliyeandika Wasiokuwepo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Jumanne asubuhi tumempoteza mzee ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona. Kazi yake ilikuwa kufuatilia sokwe msituni. Miaka thelathini na moja. Narudia, thelathini na moja, kwa miguu. Kwa mwendo wake wa pole wenzake walimbandika jina la Kobe, likaganda.

Kila asubuhi wafuatiliaji walikaa uwandani, wakaandika sokwe waliowaona. Aliyeonekana siku zote ni dume mkubwa, Bosi. Bosi akisimamisha manyoya, madume wenzake huinama, wengine hukwea miti mbio. Basi kituo kizima cha utafiti kikaamini kila mtoto wa kundi lile ni wa Bosi. Mwenye nguvu mpishe.

Kobe alikuwa na ukurasa wake, nyuma kabisa ya daftari. Wenzake waliandika waliopo. Yeye aliandika wasiokuwepo. Akagundua jambo: siku jike fulani asipoonekana, Kiraka naye haonekani. Kiraka ndiye dume wa mwisho kwa cheo. Sikio limechanika, hata tunda lake hunyang'anywa mkononi. Kobe akawatafuta, akawakuta ng'ambo ya kijito, wawili tu, wanachambuana manyoya kama hawana deni na mtu.

Alipoeleza kwamba huenda baadhi ya watoto ni wa Kiraka, msimamizi wa kituo alicheka hadi akavua miwani. "Wewe Kobe, unatoroka kazi halafu unaniletea hadithi za mapenzi? Ukikosekana uwandani mara nyingine, usirudi."

Nyumbani kulikuwa na watoto watano na mshahara mmoja. Mjane wake anakumbuka: "Nilimwambia, baba watoto, funika kombe mwanaharamu apite. Akanijibu, 'Mke wangu, yule kila mtu anamnyang'anya. Na mimi nimnyang'anye watoto?'"

Akakosekana tena. Akaokota vinyesi vya madume na vya watoto, akavitia kwenye vichupa, kila kimoja na jina lake, akampa daktari wa wanyama avipeleke maabara kupima vinasaba. Barua ya kufukuzwa ikafika kabla ya majibu. Miezi minne Kobe alikaa uani akishona viatu vya majirani.

Kisha majibu yakaja. Watoto wanane. Sita wa Bosi, maana ukubwa nao una faida yake. Lakini wawili walikuwa wa Kiraka. Wawili, wasikilizaji, wa yule wa mwisho.

Msimamizi alikwenda kwa Kobe mwenyewe. Binti mkubwa alikuwepo. "Alisimama mlangoni akasema, 'Mzee, nilikosea. Rudi.' Baba hata hakuinua kichwa. Akamwambia, 'Ingia kwanza. Hicho kiatu chako nacho kimeachama.'"

Alirudi, akafanya kazi hadi magoti yalipogoma.

Jumatano hii wafuatiliaji walikaa uwandani kama kawaida. Msimamizi, sasa mwenye mvi, alifungua ukurasa wa nyuma. Akaandika: Kobe. Akatazama kundi, akahesabu, akaongeza jina la pili: Kiraka. Kisha akakunja suruali, akavuka kijito.

Kwa mjane, na kwa watoto wote watano, poleni sana. Msiba wenu tumeubeba pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, leo tukikaa mezani, tusiishie kuwatazama walioketi mbele. Tuulize pia nani hayupo, na tuinuke tukamtafute.