Jini Wangu Asiyetaka Sijda

Assalamu alaykum warahmatullahi, mama zangu na ndugu zangu! Shukrani zote ni za Mola aliyenisimamisha mbele yenu leo kwa miguu yangu mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu.

Wengi wenu hapa Wingwi mwanijua. Mie ndiye Mwalimu Raya, niliyewasomesha mabinti zenu Kurani chuoni tangu sijaolewa. Masika moja nikapatwa na mafua, mafua ya kawaida tu, na yalipoanza kupoa nikaamka asubuhi nyumba inazunguka. Ndugu zangu, inazunguka! Nilikikumbatia kitanda nikidhani nacho chanikimbia. Nilitapika mpaka nyongo. Siku chache baadaye mzunguko ulitulia, ukaniachia kuyumba. Nikigeuza kichwa ghafla, nakwenda upande. Gizani ndiyo usiseme!

Pabaya zaidi ni kwenye swala. Nikiinama kusujudu, naanguka ubavu. Siku moja nilimwangukia mwanafunzi wangu, chuo kizima kinatazama.

Hapo maneno yakaanza. Nyote mwajua tunavyosema: mtu akianguka kwenye sijda, basi ana jini kafiri, hataki swala. Hata dada yangu Mize, huyo aliyekaa karibu na mlango, alisema hivyo hivyo. Msimkodolee macho! Alisema kwa mapenzi. Alinifukiza ubani mpaka nikapaliwa, akaninywesha kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akanisomea mpaka sauti ikamkauka. Nami bado naanguka.

Wazazi wakawatoa watoto wao, chuo kikafungwa. Siwalaumu, nani amwache bintiye asomeshwe dini na mtu mwenye jini kafiri? Lakini wallahi, kilichoniliza zaidi ni kwamba na mie niliamini. Nilijiuliza, ina maana ndani yangu mna kitu kinachomchukia Mola wangu? Nikawa naogopa hata kutandika mswala.

Ndipo tukasikia madaktari wa masikio wamekuja hospitali ya mjini Chake. Dada Mize akang'aka, "Jini hapimwi, we Raya! Wendea nini huko, ukachekwe?" Lakini hakukubali niende peke yangu. Alinishika mkono njia nzima, huku ananuna.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alinivalisha miwani mizito, myeusi tii, yenye kamera ndani. Mie sioni kitu, lakini macho yangu yametokea makubwa kwenye kompyuta, na dada yangu kaketi mbele yake. Kisha akaniwekea kwenye mfupa wa nyuma ya sikio kidude kinachotetema kama mashine ya kinyozi. Meno yaligongana! Mara nikasikia ukelele, "Yallah! Macho yaruka! Jini keshapanda!" Dada Mize huyo, akaanza kusoma kwa sauti.

Daktari akazima kidude. Macho yakatulia, ndivyo alivyonisimulia dada baadaye. Akakiwasha, yakaruka tena kuelekea kushoto. Akakihamishia nyuma ya sikio la pili, yakaruka kuelekea kushoto vilevile. Akazima, yakatulia. Dada akakatiza kisomo, akaisogelea kompyuta.

"Bibi," daktari akamwambia, wala hakumcheka, "jini gani huyu wa kuwashwa na kuzimwa?"

Akamvalisha yeye ile miwani, nami nikatazama. Kidude kikatetema, macho ya dada yangu hayakuruka hata kidogo.

Daktari akatueleza kwamba ndani ya kila sikio mna kiungo kinachomwezesha mtu kusimama sawasawa. Mtetemo ule huviamsha vyote viwili, na kimoja kikiwa dhaifu macho huruka hivyo. Changu cha kulia kilidhoofishwa na mafua yale, kwa hivyo nikiinamisha kichwa, ubongo hupata habari mbili zisizolingana. "Umeumwa sikio, mwalimu," akasema. "Hujaandamwa na kitu."

Sikio, ndugu zangu! Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Sikupewa dawa ya maajabu. Nilipewa mazoezi ya kukazia macho kidole gumba huku nageuza kichwa, na ya kutembea kwenye mstari. Mwanzo kizunguzungu kilizidi, nikataka kuacha. Dada Mize akawa mkali kuliko daktari! Mpaka siku niliyosujudu naye kasimama nyuma yangu, mikono tayari kunidaka. Nikainuka mwenyewe. Nilipotoa salamu nikageuka, kakaa chini analia, anasema, "Nisamehe, mdogo wangu, nilikuogopa."

Sisemi majini hayapo. Nasema tusimtwike mgonjwa jini kabla hajapimwa. Mwenye mama yake anayeyumba, mwenye binti anayeanguka, amtegemee Mola na ampeleke hospitali. Asiye na wa kwenda naye aje kwangu, nitakwenda naye. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, alhamdulillahi!

Haya, mama zangu, magharibi imeingia. Tupange safu. Atakayeyumba, jirani yake amshike, na asimuulize ana nini kichwani mpaka tumalize kuswali.