Maisha ya Irja Sirviö, Mwandishi wa Habari za Rafuni

Mchungaji, ndugu, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, kabla kahawa haijamiminwa familia inaomba mtupe masikio yenu kidogo, tumsimulie Irja tangu alipokuja duniani hadi alipoondoka, na tutayasema mambo kama yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo.

Irja Annikki Sirviö, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Tirkkonen, alizaliwa tarehe 21 Februari 1960 huko Rautalampi, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa Vilho Tirkkonen na mkewe Lempi, wakulima wa stroberi waliokuwa na ng'ombe sita. Alikuja majuma matatu kabla ya siku zake, barabara ikiwa imezibwa na theluji, mkunga akafika akiteleza kwa skii na kumkuta mtoto tayari amelazwa kwenye kapu la nguo, na Lempi hadi uzeeni alikuwa akisema, "Huyu sikumzaa, huyu alitoroka." Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia Irja atulie naye akatulia.

Alianza shule ya msingi Rautalampi mwaka 1967, ambako mwalimu wake wa darasa la tatu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana akili nzuri, ila husikiliza masomo akiwa dirishani, kisha akaendelea na masomo ya sekondari Suonenjoki hadi alipohitimu mwezi Mei 1979. Mwaka huohuo alihamia hapa Kuopio kusomea uchoraji wa ramani za majengo, akamaliza mwaka 1981, na akaajiriwa katika ofisi ya mhandisi mmoja mjini, ambako kazi ilikuwa kukaa kitini saa nane kwa siku. Alivumilia miaka mitatu. Mhandisi alimwandikia barua nzuri ya kumwombea kazi kwingine, na alipoulizwa kwa nini anamwachia mchoraji hodari namna ile, alijibu, "Michoro yake imenyooka, lakini anatutia kizunguzungu."

Tarehe 3 Septemba 1984, siku ya Jumatatu, Irja alianza kazi katika maktaba ya usanifu majengo ya chuo kikuu, ghorofa ya tatu, na hapo ndipo miguu yake ilipopata kazi ya kuitosha, kwa maana wasanifu hawajui majina ya vitabu, wanajua sura zake, wakija wanasema, "Irja, kile chekundu, chenye nyumba ya vioo," na kabla hawajamaliza yeye alishafika kwenye rafu.

Mwezi uleule lifti ya jengo iliharibika, akaja fundi wa lifti, Tauno Sirviö, akamwona msichana akipanda na kushuka ngazi na vitabu mikononi, akamuuliza, "Umekwama?" Irja akamjibu bila kusimama, "Aliyekwama ni lifti yako. Mimi napita." Tauno, ambaye leo amekaa hapa mbele yetu, anasema kazi ile ya siku moja aliifanya kwa siku nne. Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1985 katika kanisa la Rautalampi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ilpo aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye sasa anaishi Rovaniemi, na Outi aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye yuko hapa Kuopio, na wajukuu watatu ambao bibi yao aliwafundisha kutembea mapema kuliko daktari alivyoshauri.

Tarehe 12 Oktoba 1987 alitoa toleo la kwanza la Habari za Rafuni, ukurasa mmoja uliotoka kila Jumatatu saa mbili asubuhi, ukabandikwa kwenye mlango wa maktaba, ndani ya lifti, na chooni, mahali ambapo alisema ndipo pekee msanifu husoma jambo hadi mwisho. Humo aliandika vitabu vipya vilivyofika, nani kapata mtoto, nani kafaulu mtihani wa mwisho, maonyesho ya wanafunzi yatafunguliwa lini na mkate wa samaki utaletwa na nani, glavu ya nani imeokotwa, na chini kabisa, kila wiki kwa karibu miaka thelathini na mitano, aliandika maneno yaleyale: "Usipime nakala. Pima kitu chenyewe." Alikuwa na maana kwamba mashine ya nakala huweza kupunguza mchoro bila mtu kujua, na anayeweka rula juu ya mchoro uliopunguzwa hujenga nyumba ya panya.

Tarehe 11 Januari 2022 bomba la maji lilipasuka kwa baridi katika ghorofa ya tatu, maktaba ikafungwa, vitabu vikatiwa kwenye maboksi na kupangwa kwenye korido, na chuo kikatangaza kwamba maktaba itahamia chumba cha chini, na kitabu chochote kitakachokuwa bado hakina rafu ifikapo tarehe 30 Juni kitapelekwa kwenye ghala la kukodi mji mwingine. Kila mtu alijua kwamba cha ghalani hakirudi. Vilivyohofiwa zaidi kupotea ni vile vitabu vikubwa vya michoro, elfu moja na mia tisa, virefu kama mkono wa mtu, ambavyo haviingii katika rafu za dukani, na kwa kuwa shule ya wasanifu haikubali kununua rafu ya kiwandani, iliamuliwa kwamba karakana ya shule itengeneze rafu kama zile za zamani. Rafu za zamani zilikuwa kwenye ghorofa iliyofungwa na hakuna aliyeruhusiwa kupanda, kwa hiyo Oiva Remes, fundi mkuu wa useremala, aliomba mchoro wa rafu hizo, mchoro wa mwaka 1968, usio na tarakimu hata moja, ila maelezo kwamba umechorwa kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa halisi.

Mchoro huo ulitolewa nakala na Irja, tarehe 2 Machi. Alikuwa na haraka, kama siku zote, karatasi kubwa zilikuwa zimekwisha, akaweka karatasi ndogo, mashine ikaupunguza mchoro utoshe, na hakugonga muhuri wa kuonyesha kwamba umepunguzwa. Akaupeleka karakana mbiombio na kurudi kwenye maboksi yake.

Tarehe 19 Aprili madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea. Aliwaambia Tauno na Outi, akampigia Ilpo simu, na kesho yake akaenda kazini.

Rafu zililetwa Jumatatu ya tarehe 16 Mei, nzuri, za mbao za msonobari, na kitabu kikubwa cha kwanza kilipoinuliwa kiligonga ubao wa juu na kukataa kuingia. Watu walicheka sana siku ile, mmoja akasema, "Wasanifu thelathini na wawili katika jengo moja, na hakuna mwenye futi mfukoni!" Irja hakucheka, kwa sababu aliitazama rafu mara moja tu akajua. Tarehe 24 Mei ripoti ya kitivo ilitoka, ikasema kwamba hasara ilitokana na uzembe wa karakana, na Oiva, aliyebakiza miaka miwili astaafu, akaondolewa katika kazi ya rafu. Walikutana kwenye korido, Oiva akamwambia, "Irja, miaka thelathini na minane nakata mbao, na leo mimi ndiye mfano mbaya wa wanafunzi." Irja alimpita, akaenda zake kwenye maboksi.

Alinyamaza siku kumi na tatu. Familia inakumbuka siku hizo vizuri, maana aliosha madirisha yote ya nyumba, kisha ya jirani, akapanga kuni upya mara mbili, akainuka mezani kila baada ya tonge, na Jumapili, tarehe 5 Juni, wakiwa kwenye sauna wakioga mvuke, ndipo alipomwambia Tauno.

"Nani mwingine anajua?" Tauno aliuliza.

"Wewe tu."

"Basi hakuna anayejua. Sikio langu la kushoto halisikii."

"Nimekwambia kwenye la kulia."

Tauno alimwambia kwamba yeye ni mgonjwa, na mtu mgonjwa ana haki ya kuachwa na amani yake, naye akajibu, "Amani ipi, Tauno? Unaiona wapi?"

Kesho yake Habari za Rafuni zilitoka saa mbili kama kawaida, na kati ya tangazo la mtoto wa kike wa mhadhiri na lile la mwavuli uliosahauliwa, liliandikwa hivi: "Rafu ni fupi kwa sababu nakala aliyopewa Oiva ilikuwa imepunguzwa, na aliyeipunguza bila kuandika ni mimi, Irja. Oiva alipima sawasawa alichopewa. Mwavuli wa kijani bado uko kaunta."

Oiva aliusoma ukurasa huo ndani ya lifti, akashuka hadi chumba cha chini, akamkuta amesimama kati ya maboksi, na walioshuhudia wanasema alimwambia, "Nakala ya mtu mwingine ningeihakiki mara mbili. Hii ilikuwa yako." Irja akasema, "Najua." Neno hilo la Oiva lilimuuma kuliko ripoti yoyote, alituambia, na hakuomba apunguziwe. Kisha Oiva akasema, "Haya, usisimame tu, nishikie ubao." Walitoa ubao mmoja katika kila mbili, nafasi mbili fupi zikawa moja ndefu, na kwa kuwa rafu zote zilikuwa ndogo kuliko ilivyopangwa, theluthi ya chumba ilikuwa tupu, wakajenga nyingine hapo kwa mbao zilizotolewa. Vitabu vimetokeza nje kidogo, vinagusa bega la mpita njia, lakini tarehe 29 Juni kwenye korido hakukubaki boksi.

Ripoti, hata hivyo, haikubadilishwa. Irja alikwenda kwa mkuu wa kitivo, Marjut Kolehmainen, kila wiki ya kiangazi, kwa miguu, hata alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kupumzika. Marjut alimwambia, "Irja mpenzi, hiyo ni karatasi tu, nani ataisoma?" Irja akamwambia, "Mimi nimeisoma. Oiva ameisoma." Akajibiwa kwamba huenda ikabadilishwa, na huenda isibadilishwe, na sisi watu wa mkoa huu wa Savo tunajua kwamba jibu la namna hiyo humwachia mzigo aliyelisikia.

Alilazwa tarehe 26 Septemba. Tarehe 13 Oktoba ilifika ripoti mpya iliyosema kwamba kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu vipimo, naye akaomba kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Tulielewana vizuri sana. Mimi nilikosea," akampa Outi airudishe siku ileile. Toka hapo kila asubuhi aliuliza kama barua ya kitivo imekuja, na aliuliza viatu vyake viko wapi. Irja Annikki Sirviö alifariki Alhamisi, tarehe 3 Novemba 2022, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, Tauno na watoto wote wawili wakiwa kando yake. Hatutasema kwamba aliondoka ametulia, maana si kweli, na yeye asingependa tuandike uongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodini, hasa yule muuguzi aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu akaizunguka wodi naye mara saba kwa siku, tunawashukuru majirani zetu waliomlisha Tauno supu na kumtolea theluji mlangoni, na wafanyakazi wenzake wa maktaba walioendelea kutoa Habari za Rafuni kila Jumatatu bila kuruka hata moja. Tunamshukuru pia Marjut, aliyetuletea nyumbani yeye mwenyewe barua ya tarehe 7 Novemba, siku nne baada ya msiba, ambayo ina sentensi moja tu: "Kitivo kinathibitisha kwamba kosa la vipimo halikufanywa na karakana, bali lilitokana na nakala iliyotolewa na maktaba, na kinamwomba radhi Oiva Remes." Nakala yake iko kwenye faili la chuo. Barua yenyewe tunayo hapa, nasi tunamwomba Oiva asogee mbele aipokee mbele ya watu wote.

Irja, barua imefika. Pumzika.