Odilon na Swali la Darasa la Tatu

Alhamisi ile benchi la Madan Silofi, muuza kahawa wa chini ya kilima cha Krèt-a-Pyewo, lilijaa mapema. Kesho yake Odilon, fundi viatu mstaafu, alitakiwa aingie darasa la tatu awaeleze watoto jinsi wapiganaji wetu wa Haiti walivyozingirwa na Wafaransa katika ngome ile ya kilimani, na jinsi walivyotoka. Mdomo ndio uliomponza: alimtambia mwalimu kwamba babu wa babu yake alikuwamo. Kumbe alijua mambo matatu tu. Walikuwa wachache, kiu iliwabana hadi wakamumunya risasi, na usiku mmoja wakapenya katikati ya adui. Hayo ni ya dakika mbili. Mwalimu kampa saa nzima.

— Jamani, niokoeni!

Wa kwanza kumjibu alikuwa Vibanio. Kila siku alifungwa dhumna, na aliyefungwa hubanwa vibanio vya nguo masikioni. Leo alikuwa navyo vinne.

— Waambie kulikuwa na handaki mpaka mtoni.

— Handaki mpaka mtoni, halafu wafe kiu? akauliza Odilon.

— La kutokea, bwana wee! Si la kuchotea maji.

Jenerali, bawabu mstaafu ambaye hajawahi kushika hata manati, akacheka kwa dharau.

— Handaki gani? Walijifunga majani ya migomba. Mfaransa akitazama, anaona shamba. Shamba linasogea, linasimama. Linasogea, linasimama.

— Na yeye hashtuki?

— Kwao kuna migomba? Atajuaje kama haitembei?

Wakili hakusoma sheria, ila tai hakuivua hata kwenye joto la bonde letu la Artibonite.

— Mnapotosha watoto. Walipika supu ya maboga. Harufu ikashuka, Wafaransa maelfu wakalala fofofo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Supu tunayokunywa Siku ya Uhuru, kabla ya uhuru?

— Walikuwa wanaonja chumvi.

— Na maji ya kuipikia? akauliza Madan Silofi.

— Mama, usiingilie mambo ya kijeshi.

Odilon, bila haya, alikuwa akiandika yote kwenye karatasi. Ya migomba aliyapigia mstari.

Ndipo akafika msichana mwenye sare ya shule, Lovena, ambaye hawakuwahi kumwona pale.

— Shikamooni. Mwalimu kanituma nimletee Babu Odilon maswali yetu, ajiandae.

— Mangapi, mjukuu wangu?

— Tuko thelathini na wanane, ila swali ni moja. Wote tumeandika lilelile.

— Uliza, mama.

— Watu wote wale, majuma matatu, ngome imezingirwa. Choo kilikuwa wapi?

Jenerali akachungulia ndani ya kikombe chake. Wakili akalegeza tai.

— Nje, akasema Vibanio kwa sauti ndogo.

— Nje kuna Wafaransa, akasema Lovena.

Odilon akainua macho kwenye kilima alichoishi chini yake miaka sabini na moja bila kuwaza jambo hilo hata siku moja. Kicheko kikampanda hadi machozi yakamtoka. Akaichana ile karatasi.

— Mwambie mwalimu hatukai darasani kesho. Tunapanda ngomeni wote, tukakitafute.