Ukuta wa Vyombo Vilivyovunjika Vyenyewe

Mambo yaliyotufikisha kwenye kaburi hili yalianza siku ya Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa tatu na robo asubuhi, pale fundi cherehani wa mtaa wa juu alipotoka dukani kwake na nyundo na tindo, akavuka barabara, akaanza kubandua kisahani chake kwenye ukuta wa zahanati, huku mama yangu, ambaye leo tunamwita marehemu, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akichanganya saruji nyeupe. Najua kwamba historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na jana mwenyekiti wa mtaa alinikumbusha hilo, akaniomba nisome kitu kifupi, cha kujenga, kisichomgusa mtu, lakini mimi ndiye kitinda mimba wake, familia imeniteua kusoma, na nitasoma nilichoandika. Kuzaliwa kunafuata sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake, huyo babu, akiwa fundi wa kuweka vigae na mama yake mfuaji wa nguo katika hosteli ya wauguzi. Cheti chake kinasema tarehe 16, lakini hiyo ni siku babu alipopata nafasi ya kwenda kumwandikisha, naomba watakaoandika jiwe la kaburi walizingatie hilo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari hadi 1980, akapata nafasi ya chuo cha ualimu, lakini mwaka huo magoti ya babu yalikataa kupigwa sakafuni tena, na yeye akachukua pima maji ya kupimia usawa na koleo la kukatia vigae, akaenda kumalizia bafu ambalo babu alikuwa ameliacha nusu.

Alifanya kazi hiyo miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Wateja walipomkuta mlangoni waliuliza, "Fundi yuko wapi, binti?" naye aliwajibu, "Ameshafika, nionyesheni bafu." Aliweka vigae katika majiko ya watu, katika maduka, katika mabweni ya shule, na mwaka 1999, akiwa na mimba yangu, aliweka sakafu ya wodi ya wanawake katika hospitali yetu kubwa. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa malori, ambaye alitusimulia kwamba alimpenda pale alipomsikia akimfokea mwenye nyumba aliyetaka ufa ufunikwe kwa kigae badala ya kuzibwa. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1991 na mimi. Baba alitutoka tarehe 3 Agosti 2012, na mama hakuolewa tena, ingawa, kama shangazi zangu wanavyojua, hakukosa wa kumtania.

Sasa nafika kwenye ukuta. Mwezi Januari 2024, mtaa wa juu na mtaa wa chini walipokuwa wamechoka kununiana kwa sababu ya foleni ya bomba, mkutano uliamua kwamba ukuta mrefu wa zahanati, ambao unaonekana kutoka mitaa yote miwili, uwe na picha ya umoja, na kwamba picha hiyo itengenezwe na wasanii wa hapa hapa. Mchora mabango alichora kwa chaki watu waliobeba paa la nyumba moja, wengine wameinama, wengine wamenyoosha mikono, na mama akapewa kazi ya kuijaza kwa vipande vya vyombo kutoka kila nyumba. Aliweka sharti moja, na wote mlilisikia kwa sababu alilisema akiwa amesimama kwenye benchi: kila nyumba ilete chombo kilichovunjika chenyewe, si kilichovunjwa kwa ajili ya ukuta. Alisema sahani iliyomponyoka mtu ilikuwa imeshalisha nyumba hiyo, inajua watu wake, na kwamba alama ya nyundo yeye huiona hata gizani, asijaribiwe.

Mlileta. Kikombe cha bibi, bakuli la harusi, kifuniko cha birika, sahani ambayo mtoto aliikalia. Nyuma ya kila kipande mama aliandika kwa penseli ya seremala nyumba kilikotoka, kisha akavichanganya vya mitaa yote miwili, ili pasiwe na kipande kinacholala karibu na kingine cha nyumba hiyo hiyo. Mlikuwa mkipita mnaulizana kwa vicheko, "Wewe uko wapi?" "Mimi niko kwenye goti la yule mnene." Muuza mitumba, ambaye meza yake inatazama ukuta, alikuwa anawaonyesha wapita njia pua yake pale ukutani, iliyokuwa mkono wa kikombe chake.

Halafu nyumba ya mwenyekiti ikaleta boksi. Ndani yake mlikuwa na sahani mpya zenye ukingo wa dhahabu, zote zimevunjwa kwa nyundo siku hiyo hiyo, kwa sababu waliona aibu kupeleka ukutani vyombo vyao vilivyochakaa. Mama alizitazama, akazifunga tena kwenye boksi lao, akalirudisha mwenyewe hadi mlangoni kwao, akasema, "Hizi bado zilikuwa na kazi, baba. Nileteeni ile mnayoificha kabatini." Alisema hivyo mbele ya wageni. Huenda hapo alikosea, sijui, nimelifikiria sana, lakini hakusema uongo.

Uongo ulikuja baadaye, ukatoka kwenye nyumba hiyo, nasema hivi nikiwa natazama safu ya mbele. Ilisemwa kwamba mama, kwa kuwa anakaa mtaa wa chini, ameweka vyombo vya mtaa wa chini kwenye nyuso na vya mtaa wa juu kwenye nyayo na matope. Hakuna aliyevuka barabara kwenda kuhakikisha. Jumamosi ile fundi cherehani alipokuwa anagonga tindo, alikuwa anapiga kelele, "Siwezi kukanyagwa kwenye ukuta wa serikali!" na kisahani alichokuwa anakibandua kilikuwa shavu, shavu la mtu wa kwanza kabisa, aliyebeba kona ya mbele ya paa. Mama alimwambia, "Baba, hilo ni shavu." Akajibiwa, "Usinifundishe chombo changu." Wengine wakafuata, wa juu kwanza, kisha wa chini kwa kulipiza, na kwa kuwa vipande vilikuwa vimechanganywa, kila aliyeng'oa cha kwake aliangusha cha mwenzake, mkaanza kushikana mashati chini ya picha ya umoja. Mchora mabango alisimama pembeni na mikono mfukoni, kwa sababu mabango ya mwenyekiti ndiyo yanayomlisha. Mama alichukua ufagio, akafagia vipande, akaviweka kwenye ndoo, na alipofika nyumbani aliniambia neno moja tu, kwamba saruji aliyoichanganya imeganda bure.

Wiki iliyofuata alianza kurudishia peke yake. Aliomba mtu wa kumshikia ngazi. Aliomba kwa fundi cherehani, akaambiwa ana oda. Aliomba kwa mchora mabango, akaambiwa kesho. Mimi nilikuwa kwenye mitihani chuoni, kaka alikuwa safarini kikazi, na mama alituficha, alisema kwenye simu kwamba wasaidizi wako tele. Alhamisi, tarehe 20 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, ngazi iliteleza, akaanguka, akavunjika nyonga. Barabara ilikuwa na watu, ilikuwa saa nne asubuhi. Aliyekimbia ni muuza mitumba, aliyeacha meza yake wazi, akamlaza juu ya marundo ya nguo, akampeleka hospitali.

Alilazwa katika wodi ile ile aliyoiwekea sakafu. Alikuwa mchangamfu kwa siku kadhaa, akilalamika kwamba kuna kigae karibu na dirisha kimebadilishwa na mtu asiyejua kazi, na akawasumbua wauguzi wamletee pima maji. Alifanyiwa upasuaji tarehe 25 Machi, ukaenda vizuri, lakini damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, na Jumatatu, tarehe 7 Aprili 2025, saa nane na nusu mchana, akafariki dunia, mimi nikiwa nimemshika mkono na kaka yangu akiwa mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao walifanya kila walichoweza na wakavumilia maneno yake kuhusu kile kigae. Inawashukuru mafundi wenzake waliokuja kutoka mbali. Kwa majirani, inamshukuru muuza mitumba. Nimetafuta mwingine wa kumtaja hapa, kwa nia njema kabisa, na sikumpata.

Jioni ile ile ya Jumatatu mwenyekiti alikuja nyumbani na ujumbe wa watu watatu, akatupa pole, kisha akasema kwamba mtaa umeamua kumuenzi mama wa umoja, kwamba mashimo ya ukutani yatapigwa plasta haraka, yapakwe rangi nzuri, jina lake liandikwe juu, na ukuta uzinduliwe leo baada ya mazishi, kwa hotuba. Mimi nilisema nitawajibu.

Jibu nililitoa asubuhi iliyofuata. Jumanne, tarehe 8 Aprili, saa kumi na mbili na nusu, nilizibeba zile ndoo za vipande, nikasoma penseli ya mama nyuma ya kila kipande, nikapita mlango kwa mlango, mtaa wa juu na mtaa wa chini, nikamwachia kila mtu kizingitini chombo chake alichokitaka, bila kubisha hodi. Shavu liko kwa fundi cherehani. Plasta haitapigwa, mganga mkuu wa zahanati amenihakikishia, ukuta ni wake. Mashimo yatabaki wazi kwa ukubwa wa vipande vyenu, na atakayetaka umoja atakirudisha cha kwake kwa mkono wake. Kisha nikarudi pale, nikachanganya saruji nyeupe kidogo kama alivyonifundisha, nikapachika tena pua ya muuza mitumba, naye akanishikia ngazi. Ngazi hiyo nimeiacha imeegemea ukutani hadi sasa.

Lala, mama. Sakafu unayolalia leo nimeipima mwenyewe kwa pima maji yako, imenyooka.