Kura Sitini na Tatu za Mwalimu Genoveva

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu. Afisa Elimu Kata. Mwalimu Mkuu Marietha na walimu wenzako. Sheikh wetu na Padri wetu. Wazazi, wanafunzi, na ndugu wageni mliotoka Njinjo na Kikole: Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na wewe Mwalimu Genoveva, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki, shikamoo.

Mimi Nurdin, Mwenyekiti wenu wa Kijiji, nimepangiwa dakika tano za kumsifu Mwalimu. Hotuba niliyoandikiwa na Mtendaji ninayo mfukoni. Ni nzuri, lakini sitaisoma.

Mnakumbuka jinsi Mwalimu alivyosimamia uchaguzi wa kijiji hiki. Alihesabu kura katika darasa lile la tatu, karatasi moja moja, akiinua kila moja mpaka mawakala wa pande zote waseme wameiona. Tulilalamika kwamba anatuchelewesha. Kwa hiyo miaka sita iliyopita, tulipoambiwa tutaletewa mashine ya kuhesabu kura kwa majaribio, ni nani kati yetu hakupiga makofi? Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa nagombea, nikishindana na ndugu Modesti.

Mashine ilimaliza kazi kwa dakika kumi na moja. Mimi nilipata kura mia mbili themanini na moja, Modesti mia mbili sitini na mbili. Kura sitini na tatu ziliandikwa kwamba zimeharibika. Watu wangu wakaanza kunibeba.

Mwalimu akauliza, kijiji hiki kimepata wapi kura mbovu nyingi namna hiyo? Akaomba azione. Fundi wa mashine akamweleza kwamba fomu ya matokeo imeshachapwa. Mwalimu akakaa chini, akazihesabu kwa mkono, mawakala wakitazama, kisha akazirudia. Walioweka alama ya vema kwa wino hafifu, mashine haikuwaona. Walikuwa wazee wetu wengi, wenye mikono isiyokandamiza kalamu. Hamsini na mbili zilikuwa za Modesti, tisa zangu, na mbili tu ndizo zilizoharibika kweli. Modesti alikuwa amenishinda kwa kura ishirini na nne.

Mwalimu akanifuata barazani. Huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu nikiwa darasa la kwanza.

"Nurdin," akaniambia, "umeshindwa. Ukisema wewe mwenyewe, hapa mbele ya watu, litaisha leo."

Nikamjibu kwamba mimi ni mgombea tu, msimamizi ni yeye.

"Basi mimi sisaini," akasema, akarudisha kalamu kwenye mkoba wake.

Fomu ilisainiwa na mtu mwingine. Nikaapishwa. Haukupita mwezi, Mwalimu akaletewa barua ya uhamisho kwenda shule ya mbali, iliyo mbele ya Mtama. Barua ile sikuiandika mimi. Lakini niliulizwa kama kijiji kina pingamizi, nikasema hatuna.

Alikaa huko miaka minne, na mama yake mgonjwa akabaki huku. Bibi huyo alipofariki, Mwalimu alifika siku ya pili baada ya maziko. Kwenye maziko yale aliyesimama kutoa salamu za rambirambi kwa niaba ya kijiji ni mimi. Mlinisikia. Nilisema tumempoteza mama yetu sote.

Ndugu zangu, mashine ilishaondolewa, na mwaka jana tulirudi kuhesabu kwa mkono. Je, kurudi huko kumetusaidia nini? Mara ile walipiga kura watu mia sita na sita. Mwaka jana walikuja mia na wanne. Modesti ameshahama. Nilikwenda mwenyewe kwa Bibi Esha kumwomba aje. Akanikaribisha, akanipa uji, akaniambia, "Mwanangu, mara ile nilikwenda kwa mguu mbovu, nikaambiwa karatasi yangu ni uchafu. Sasa unaniita nikafanye nini?"

Zile kura mia na nne zilihesabiwa sawasawa, hakuna aliyelalamika, nami nikashinda. Waliobaki majumbani hawakutaka hata kujua nani kashinda. Sijui kitu cha kuwarudisha. Ningekijua, Mwalimu, ningekuwa nimeshakuletea.

Sikuombi msamaha mbele ya watu, maana hapa utalazimika kunikubalia. Nilitaka tu wasikie kutoka kwangu kwamba hesabu yako ilikuwa sahihi, na kwamba nilijua tangu siku ile.

Ratiba inasema sasa nikukabidhi cherehani, zawadi ya kijiji. Namwomba Mwalimu Mkuu Marietha aje akukabidhi yeye. Mimi naenda kukaa.

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho.