Rodah Chepkemboi, Mwenye Ramani ya Sakitu

Wapendwa mliofika, wa karibu na wa mbali, na hata wewe uliyejikalia kiti cha mbele kabla hujakaribishwa, marehemu aliacha agizo kwamba maisha yake yasomwe na mdogo wake, yasomwe yote, na msomaji asimeze neno hata moja.

Rodah Chepkemboi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 karibu na soko la Merigi, mtoto wa tatu wa Mzee Kiptanui na Mama Rael, akaanza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka 1960, na akiwa darasani bado aliona chai yote ya babake ya bondeni ikiungua kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilhali chai ya jirani mlimani haikuguswa, jambo lililomkaa rohoni. Alimaliza sekondari Kericho mwaka 1972, akasomea jiografia chuo kikuu Nairobi, na mwaka 1985 akaenda Uholanzi kujifunza kusoma ardhi kwa picha za setilaiti, akarudi na shahada ya pili na swali lilelile la utotoni. Aliolewa na Mwalimu Kipngeno tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto wawili, Nelvine na Kibet, tulio nao hapa.

Januari 1987 alianza kazi katika kituo kimoja cha utafiti Kericho ambacho leo hatukitaji, kwa sababu kituo hakikumkosea, aliyemkosea ni mtu. Kwa miaka mitano alipima baridi za mabondeni, akazilinganisha na picha za setilaiti, akaandika utafiti mnene ambao ungelala kabatini kama tafiti nyingine, lakini akakataa ulale, akaugeuza kuwa ramani ya rangi mbili, nyekundu mahali sakitu inapounguza majani ya chai na kijani mahali chai inapostawi, akaichora kwa mkono wake kwenye mbao, akapachika ubao katika kila kituo cha kuuzia chai kuanzia Merigi, ili hata mkulima asiyejua kusoma aweke kidole kwenye shamba lake na kuamua, hapa napanda, hapa nawaachia ng'ombe.

Tarehe 8 Juni 1994 mkubwa wake wa kazi, Bwana Benard Kipngetich, huyo wa suti ya kijivu, aliipeleka ramani hiyo Nairobi ikiwa na jina la bwana huyo peke yake, akapigiwa makofi, akapandishwa cheo, akaitundika ofisini kwake ndani ya kioo, na Rodah alipouliza jina lake liko wapi akajibiwa mbele ya wafanyakazi wote, "Mama Nelvine, wewe ulichora tu, hii mambo kubwa tuachie sisi," kisha akahamishiwa stoo, na mbao zikaamriwa zing'olewe eti si rasmi. Rodah hakulia, alianza kuzunguka boma kwa boma kila Jumamosi akiwaambia wakulima kwa mdomo yale ambayo mbao zilikuwa zikiwaambia kwa rangi, wala hakuruka mlango wowote, isipokuwa mmoja.

Kwa maana mwaka 1995 Bwana Benard alinunua shamba bondeni, chini ya soko, mahali pekundu kabisa kwenye ramani aliyoitia sahihi na ambayo hakuwahi kuisoma, akapanda chai, na marehemu alipita hapo kila jioni akirudi nyumbani, akimsalimu kwa heshima na kumsifia mistari iliyonyooka. Sakitu ilishuka tarehe 11 Februari 1997, na kulipopambazuka Rodah alienda na Nelvine hadi ng'ambo ya ua wa Bwana Benard, akatandika leso, akafungua chupa ya chai, akanywa polepole huku akitazama chai ya mwizi wake ikibadilika rangi kuwa ya tumbaku. Familia haiombi radhi kwa hilo, alituambia hajawahi kunywa kikombe kitamu kama kile.

Oktoba mwaka huohuo alianza kuumwa, ikagunduliwa ni saratani ya ini, akatibiwa Kericho kisha akaomba arudishwe nyumbani, akafariki mchana wa tarehe 3 Agosti 1998, akiwa na miaka 45 na akili timamu kabisa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Syprose aliyemwosha na kumlisha kama mamake, wenzake wa stoo waliomchangia, na nyinyi majirani mliozificha mbao zake kwa kuzifanya milango ya vibanda vya kuku, mkazirudisha leo, na ule wa Merigi ndio huo umesimama kando ya kaburi.

Programu inaonyesha anayefuata kuzungumza ni Bwana Benard, kwa niaba ya kazini. Marehemu hakumkataza, alichoagiza ni kwamba kabla ya kupewa kipaza sauti asimame mbele ya ubao, aweke kidole, awaonyeshe waombolezaji shamba lake liko wapi na lina rangi gani. Tutangoja, hakuna anayekimbilia popote.

Dada, pumzika kwa amani, amani hiyo haitaandikwa jina la mtu mwingine. Bwana Benard, karibu kwenye ubao.